Kondoa: Jembe Linapogonga Mwamba

Ukiishika njia ya Haubi kutoka Kondoa mjini, utauona chini ya vilima vya Irangi udongo mwekundu wa mfinyanzi uliochanganyika na changarawe. Kuna mahali ambapo jembe halizami sana kabla ya kugonga mwamba.

Mfinyanzi hushika maji, lakini ukiwa tabaka jembamba juu ya jiwe hushiba upesi. Mvua inayozidi hukosa pa kuingia, ikateremka. Penye ardhi tupu, maji huchukua chembe laini na kuacha kokoto. Kokoto hizo, ajabu yake, ndizo ngao ya kilichosalia, na anayeziokota zote huifungulia mvua mlango.

Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 mifugo ikaamriwa kuondoka katika eneo lililomomonyoka. Si jambo jepesi kumwambia Mrangi alee watoto bila maziwa ya zizi lake. Nyasi na miti vilirejea miteremkoni. Baadaye ukaruhusiwa ufugaji wa bandani, majani yakikatwa na kuletewa ng'ombe.

Udongo wenyewe haukurejea kwa kasi hiyo. Makorongo yangalipo, na mchanga uliotoka humo umelala mabondeni.