Vijana Wetu na Nyimbo za Kufokafoka

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), twapenda kusema maneno machache juu ya jambo linalogombanisha wazee na vijana katika nyumba nyingi, nalo ni hizi nyimbo za kufokafoka ambazo wenyewe huziita hip hop.

Hapa kwetu Lugoba hakuna awezaye kusema hazijui. Mji wetu uko kando ya barabara kuu iendayo Tanga; mabasi hupita nazo, na vijana wa bodaboda hukesha nazo kituoni. Kila baada ya sala ya Alasiri, mjadala wa barazani petu ni huo huo.

Kundi moja husema kwamba huo ni upuuzi uliozaliwa Bronx, mjini New York, mwaka 1973, nao hauwahusu watoto wa Kiislamu. Kundi la pili hujibu kwamba tangu Saleh Jabir alipofoka kwa Kiswahili mwaka 1991, jambo hili limekuwa letu. Tena ni kazi kama kazi nyingine, kwani Joseph Mbilinyi aitwaye Sugu alichaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Profesa Jay akachaguliwa Mikumi mwaka 2015. Huongeza kwamba Nay wa Mitego alipokamatwa Machi 2017 kwa wimbo wake "Wapo", Rais Magufuli aliamuru aachiwe na wimbo upigwe. Kundi la kwanza hukumbusha kwamba Februari 2018 nyimbo 15 zilizuiwa kwa kukosa maadili. Adhana ya Magharibi hulia, na hakuna aliyeshinda.

Sisi tulikuwa, na tungali, katika kundi la kwanza. Wanavyuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafii wamezikataza ala za muziki, ingawa wako wakubwa, kama Imam Ghazali, waliolipambanua jambo hili kwa masharti. Twajua pia kwamba si kila shairi ni baya, kwani Mtume (S.A.W.) alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit. Walakini leo hatuandiki fatwa. Twaandika kukiri kosa.

Alikuwapo madrasani petu kijana mmoja, yatima wa baba, mwenye sauti nzuri kuliko wote tuliopata kuwafundisha. Katika Maulidi yeye ndiye aliyeongoza kasida, na pumzi aliyoipata katika tajwidi ilimtosha kusoma aya ndefu bila ya kukatika. Alipofika miaka kumi na tisa tulisikia kwamba anatunga nyimbo za kufoka. Tulimkemea mbele ya wenzake, naye akaacha kuja.

Usiku mmoja wa Alhamisi, baina ya Magharibi na Isha, alirudi. Alisimama mlangoni, akatoa shikamoo, kisha akatoa karatasi nne zilizokunjwa. Akasema, "Maalim, kuna mtu mjini ana studio, ananitaka nitie sahihi. Mama hajui kusoma, na mimi maneno mengine siyaelewi. Nakuomba unisomee."

Hatukunyosha hata mkono. Tulimwambia, "Karatasi za ngoma haziingii madrasani." Akazikunja, akaondoka. Wallahi, tulilala usiku ule tukijiona tumeilinda dini.

Baada ya mwaka mmoja wimbo wake ulikuwa ukisikika kituoni pale pale. Yeye mwenyewe alikuwa machimboni akigonga kokoto, na mikono yake imepasuka. Kumbe karatasi zile zilisema kwamba kila atakachotunga kwa miaka kumi ni mali ya mwenye studio. Malipo yake ni nauli. Na akitaka kutoka, alipe fedha ambazo ukoo wao wote haujapata kuziona.

Haukupita muda, mwanafunzi mwingine alikuwa akitusomea Suratul Baqara, akafika aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani. Tulikuwa na tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy mkononi. Aya ile yaamrisha deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu asikatae kuandika, wawepo mashahidi, na aliye dhaifu asimamiwe na walii wake. Yule kijana tulimhifadhisha aya hii mpaka akaisoma bila ya kosa. Siku alipotuletea karatasi ili tumfanyie iliyoyaamrisha, tulimfukuza. Hatukuweza kuendelea na darasa.

Tulikwenda machimboni tukamtaka radhi. Si jambo jepesi mwalimu kumtaka radhi mwanafunzi, lakini ni jepesi kuliko hesabu ya Kiyama. Alisema, "Yamekwisha, Maalim." Ametusamehe, lakini mkataba haujakwisha.

Basi, enyi wazazi na walimu wenzetu, mkatazeni mtoto mnaloona ni baya, hiyo ni haki yenu. Lakini msimwache peke yake mbele ya karatasi. Hata mashuhuri hupatwa: Harmonize alipotoka katika kampuni ya Wasafi mwaka 2019, alieleza hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500. Jueni kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yampa mtunzi haki juu ya kazi yake maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Yaani ni mali ya kurithiwa, kama shamba au mnazi. Nani kati yenu angemwacha mwanawe auze shamba bila ya kusoma hati?

Siku hizi kila Alhamisi jioni huwasomea vijana karatasi zao: za viwanja, za pikipiki za mkataba, na hata za studio. Tunauliza manne: ni miaka mingapi, mali ni ya nani, fungu la kijana ni lipi, na mlango wa kutokea uko wapi. Wimbo wenyewe hatuuimbi, wala hatuusifu. Karatasi twaisoma.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyakosa, na awalinde vijana wetu. Amin.