Mlango wa Themanini

Katika mwaka wa 2005, nilipokuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya mawakala wa forodha mjini Mombasa, tulikuwa na mashine moja tu iliyostahili kuitwa seva, nayo ilikaa katika chumba kidogo nyuma ya afisi ya mkuu wetu, ikitunza daftari la mizigo ambalo makarani walilisoma kwa kivinjari hapo hapo mezani pao. Daftari hilo liliendeshwa na IIS, programu ya Microsoft ya kuhudumia wavuti, juu ya Windows Server 2003, wala halikupata kututaabisha, hata siku ile nilipoamrishwa niongeze programu ya pili, ya hesabu za ushuru, ambayo aliyeitunga aliiandika kwa PHP akataka iendeshwe na Apache, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo. Fedha za kununua mashine nyingine hazikuwapo.

Niliiweka Apache jioni, makarani walipokwisha kwenda zao, nikaiamuru ianze, ikakataa. Na katika faili lake la kumbukumbu ikaandika kwamba imeshindwa kuishika poti ya 80. Kila mashine ina poti 65,535, yaani milango isiyoonekana kwa macho ambayo mawasiliano huingilia, na kivinjari kisipoambiwa vinginevyo hubisha hodi katika mlango wa 80. Kiini cha mfumo, kipokeapo ujumbe, hutazama anwani na namba ya mlango, kisha humkabidhi yule aliyekwisha kuushika; na lau wangalikuwa wawili wanaousikiliza mlango mmoja, kisingalijua nani apewe, na kwa sababu hiyo ajaye wa pili hurudishwa. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa sana jambo hili, maadamu ameziona meli zilizotia nanga nje zikingoja gati la Kilindini liwe tupu.

Niliandika netstat -ano ili nimjue aliyeushika mlango, nikitaraji kukuta namba ya IIS, nikakuta namba 4, ambayo ni ya mfumo wenyewe na haizimiki. Baada ya kusoma hadi usiku wa manane ndipo nilipofahamu kwamba katika toleo lile la Windows kazi ya kupokea maombi ya wavuti ilikuwa imetiwa ndani ya kiini, katika sehemu iitwayo HTTP.sys, nayo huushika mlango wa 80 kwa kila anwani ya mashine, hata zikiwa anwani kumi. Nikachagua njia nyepesi: palipoandikwa Listen 80 nikaandika Listen 8080, Apache ikaamka papo hapo, nami nikaenda kulala nikiamini kwamba kazi imekwisha.

Asubuhi aliniita karani wetu mzee.

“Mwanangu, jina la nyumba nalijua. Hizi nukta mbili na namba zinazofuata ni za nini?”

“Ni mlango wake, mzee wangu.”

“Mlango aujue mwenye nyumba. Mgeni atosheke na jina.”

Sikuwa na jawabu. Akaiandika namba katika kipande cha karatasi akakibandika pembeni mwa kioo cha kompyuta yake, na kila nilipokiona niliona haya, kwa kuwa taabu iliyokuwa yangu nilikuwa nimemtwisha yeye. Kwa tawi letu la Nairobi mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwani ukuta wa mtandao wao uliruhusu kutoka kwa poti 80 na 443 peke yake, na programu ya ushuru haikuwafungukia kabisa. Ikawa kila siku saa nne asubuhi wanatupigia simu, na karani mmoja anawasomea hesabu tarakimu kwa tarakimu.

Nilijaribu tena kwa kuipa mashine anwani ya pili, nikaifunga HTTP.sys kwa amri ya httpcfg isikilize anwani moja tu, nikaipa Apache ile nyingine, kila mmoja na mlango wake wa 80. Mzee akabandua karatasi yake. Lakini anwani ya nje, ile tuliyopewa na waliotuuzia intaneti, ilikuwa moja tu, na simu ya saa nne ikaendelea kulia.

Mwaka 2009 tulipohamia Linux ndipo nilipoweka bawabu: nginx, kazi ya Mrusi Igor Sysoev, aliyoitoa hadharani mwaka 2004. Bawabu huyo peke yake akaushika mlango wa 80, na wa 443 kadhalika, na zile programu mbili zikakaa ndani, katika 8080 na 8081, zikisikiliza 127.0.0.1 tu, ambako mgeni hafiki. Bawabu humjuaje mgeni anamtaka nani? Tangu kanuni za HTTP/1.1 za mwaka 1997, kivinjari hulazimika kulitaja jina la tovuti ndani ya kila ombi. Jina lile lile ambalo mzee aliniambia analijua lilikuwa likifika mlangoni siku zote, nami sikulisikiliza. Na nasema kwa majuto kwamba hata Apache yangu ya 2005 ingaliweza kuifanya kazi hiyo ya ubawabu. Vijana wa leo, wanaoendesha kila programu ndani ya kontena lake, kwa Docker, lenye mlango wake wa 80, aghalabu hawaujui ugomvi huu mpaka wanapotaka kuufungua mlango huo upande wa nje.

Nilimaliza kazi Jumapili usiku. Jumatatu, ilipofika saa nne, karani alivuta kiti karibu na simu kwa mazoea, hesabu zikiwa mkononi, akangoja mpaka saa tano kasorobo, na simu haikulia.