Ndumilakuwili Ana Kinywa Kimoja

Mwezi Juni hapa Ubaruku ni mwezi wa mpunga. Magunia hupangwa sebuleni yakisubiri bei, na mashine za kukoboa hunguruma mpaka giza liingie. Ni juu ya magunia hayo nilipoketi na mjukuu wangu, aliyekuja likizo kutoka chuoni Mbeya, tukitazama tamthilia katika kompyuta yake mpakato. Macho yangu yamezoea kitabu kuliko kioo. Hata hivyo, mjukuu alinihakikishia kwamba hadithi ile ina wafalme, majoka yarukayo, vita na usaliti, nami nikajiambia kuwa mtu aliyefundisha tendi kwa zaidi ya miaka thelathini hawezi kuyashindwa hayo.

Tamthilia yenyewe ni Game of Thrones, iliyotokana na riwaya za Mmarekani George R. R. Martin. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1996. Tamthilia ilianza kuonyeshwa Aprili 2011, ikamalizika Mei 2019 baada ya misimu 8 na vipindi 73. Mjukuu alikuwa akiirudia, nami nikiianza. Alinifasiria kwa ule mtindo wa vibanda vya video ambao Lufufu wa Dar es Salaam alisifika nao, akichanganya tafsiri, maoni na matusi madogo kwa wahusika asiowapenda.

Kilichoniteka zaidi ni habari za watazamaji wenyewe. Nilielezwa kwamba kwa miaka mingi, duniani kote, watu walikesha wakijadili swali moja: nani ni wa nani? Katika hadithi ile karibu kila mtu ana bwana anayemtumikia hadharani na mwingine anayemtumikia moyoni. Basi watazamaji hukusanya dalili, wakaunda nadharia. Walitambua kwamba kijana Jon Snow, aliyelelewa kama mwana wa nje wa Ned Stark, ni mtoto wa dada yake Ned na mwana wa mfalme wa ukoo uliopinduliwa. Wasomaji wa vitabu walilisema hilo miaka mingi kabla tamthilia haijalithibitisha mwaka 2016. Walikuwa wamesoma kwa makini, na walikuwa sahihi.

Mhusika aliyezua mabishano mengi ni Varys, mkuu wa wapelelezi, mtu laini wa sauti na mwepesi wa nyayo. Anamtumikia mfalme aliyeko, lakini mapema kabisa anasikika katika mahandaki ya chini ya kasri akipanga mambo na rafiki kutoka ng'ambo. Baadaye tunajua kuwa alikuwa akitaka kuurudisha ukoo uliopinduliwa. Mwenyewe husema anautumikia umma, si mtu. Wapo watazamaji waliokwenda mbali zaidi wakadai kuwa Varys ni nguva, kiumbe wa majini aliyejificha chini ya kanzu zake ndefu! Nilicheka hata nikateleza kutoka kwenye magunia. Mwisho wake haukuchekesha: malkia aliyemsaidia kuja ndiye aliyemwua kwa moto wa joka, baada ya kugundua kwamba moyo wa Varys umehamia kwa mwingine.

Nilimwambia mjukuu kwamba mambo haya si mageni kwetu. Fungua Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo yumo kifungoni, na walinzi wanamwona kijakazi Saada akileta chakula siku nenda siku rudi. Kwa macho yao ni mtumwa tu. Liyongo anaimba wimbo, nao wanausikia kama wimbo. Saada anausikia kama agizo. Mkate wa pumba unaokwa, tupa inafichwa ndani yake, na walinzi walafi wanautupia mfungwa mkate ule kwa sababu haufai kuliwa na waungwana. Huo ni utiifu uliojificha. Kisha utendi unatugeuzia upande wa pili: mwana wa Liyongo, damu yake mwenyewe, anakuja kumwuliza babaye ni kitu gani kinachoweza kumwua, naye anaambiwa: sindano ya shaba, kitovuni. Tuliyemdhani si kitu ndiye mwaminifu, na tuliyemdhani ndiye mwaminifu ndiye mwuaji. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wala si katika tendi peke yake. Jirani zetu wa Iringa wanayo habari ya Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Mwishoni mwa mwaka 1896, Wajerumani walipokuwa wakimsaka Mkwawa bila ya kumpata, walimsimika Mpangile awe mtawala wa Wahehe chini yao. Mapema mwaka 1897 wakamwua, wakimshuku kuwa anamsaidia ndugu yake kwa siri. Nilimwuliza mjukuu: je, Mpangile alikuwa msaliti? Akafikiri, akasema, "Inategemea anayeuliza, Babu." Nikafurahi. Kamusi hulieleza neno "msaliti" kana kwamba lina maana moja, lakini neno hili halina maana mpaka tujue limetoka kinywani mwa nani.

Tungeishia hapo, ningelala usingizi mnono. Lakini mjukuu akaufunga mtambo wake, akanyoosha miguu, akasema, "Hata timu yetu ina Varys wake."

Akanieleza. Kipa wao, kijana wa mtaa wa pili, alifungwa mabao matatu ya kizembe walipocheza na timu ya Rujewa. Wiki moja kabla ya mechi alionekana Rujewa akinywa soda na watu wa timu ile. Wiki moja baada ya mechi alikuwa na simu mpya. Na siku ya mechi yenyewe hakuimba na wenzake garini. "Unaona, Babu? Dalili zimejipanga." Vijana walikuwa wamekwisha kukubaliana: hatapangwa tena, na hakuna atakayemwambia sababu.

Nilinyamaza kwa muda mrefu. Kisha nikamsimulia jambo ambalo sijawahi kulisimulia nyumbani mwangu.

Katikati ya miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu si siku nyingi, nikifundisha katika shule moja ya bweni ya Nyanda hizi za Juu Kusini. Chakula kilikuwa kibaya. Maharage yalikuwa na wadudu kuliko maharage. Wanafunzi wakakutana usiku kupanga mgomo. Asubuhi, kabla kengele haijalia, mkuu wa shule alikuwa na habari zote, na wanafunzi watatu wakafukuzwa. Swali likawa moja bwenini: nani kasema?

Jibu halikuchelewa. Kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu, mkimya, mwenye zamu ya kufagia ofisi ya mkuu. Usiku ule wa mkutano hakuwapo. Siku mbili kabla yake alionekana akipewa bahasha ofisini. Jumapili iliyofuata aliruhusiwa kutoka nje ya shule wakati wenzake wamezuiwa. Nilikuwa mlezi wa bweni lao. Nadharia ile ilinifikia, nikaipima, nikaiona imekamilika. Ilikuwa nzuri kama insha: ina utangulizi, ina kiini, ina hitimisho. Sikuongeza neno, lakini sikupunguza pia. Wakamtenga. Alikula peke yake kwenye kona ya bwalo, na alipoketi mahali wengine waliinuka.

Jioni moja alinijia mlangoni. Hakulia. Aliniuliza, "Mwalimu, na wewe unaamini?"

Nami, mwalimu wa Kiswahili, niliyejivunia kuwa na methali kwa kila jambo, nikamjibu: "Lisemwalo lipo, kama halipo, laja."

Akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, Mwalimu," akaondoka. Ilikuwa salamu ya kuja, naye akaitumia kuagia. Muhula haukwisha, akaacha shule. Sikumwona tena.

Miaka kadhaa baadaye, mwenzangu wa zamani alinieleza tulipokutana safarini. Mkutano ule ulifanyika nyuma ya stoo, na mpishi aliyelala stoo alisikia kila neno, akaenda kwa mkuu usiku uleule. Bahasha ilikuwa barua kutoka kwao pamoja na nauli: mama yake alikuwa mgonjwa. Ndiyo maana aliruhusiwa kutoka. Usiku wa mkutano alikuwa kitandani, amejifunika shuka gubigubi. Dalili zote zilikuwa za kweli. Nadharia peke yake ndiyo iliyokuwa ya uongo.

Nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi, na tamthilia ya mjukuu imenisaidia kulipatia maneno. Katika hadithi, kila dalili imepandwa na mkono. Varys akisikika handakini, ni kwa sababu mtunzi ametaka asikike. Msomaji anayeunganisha dalili hizo hakosei njia, maana njia imechongwa. Lakini bwenini hapakuwa na mtunzi. Bahasha haikuwekwa pale ili ituambie kitu. Sisi tuliokuwa tukitazama ndio tuliojifanya watunzi, tukamwandikia kijana hai nafasi ya mhusika, kisha tukamhukumu kwa kisa tulichokitunga wenyewe. Ufundi uleule niliowafundisha wanafunzi ili wafumbue fumbo la shairi, niliutumia kumfumba mtu mdomo.

Tazameni neno letu "ndumilakuwili". Ni jina la nyoka ambaye kichwa na mkia wake hufanana, tukasema anauma pande zote mbili, kisha tukaligeuza jina hilo kuwa la mnafiki. Nimewaona nyoka hao shambani tunapolainisha udongo wa vitalu. Wana kinywa kimoja tu kama nyoka mwingine yeyote. Hicho cha pili kimo machoni mwa mtazamaji.

Sisemi kwamba wanafiki hawapo. Mwana wa Liyongo alikuwapo, na sindano ilikuwapo. Nasema tu kwamba kati ya dalili na hukumu pana hatua moja ambayo hadithi hazituhitaji tuipige, lakini maisha yanatudai: kumwuliza mtu, na kumsikiliza akijibu. Kijana yule alinipa nafasi hiyo mlangoni pangu. Aliniuliza yeye, badala ya mimi kumwuliza. Nikaifunga nafasi kwa methali.

Usiku ule, baada ya mjukuu kulala, niliandika ubeti huu:

Moyo wa mtu kisima, kina hakina kipimo,
Ukitaka kuupima, kamba isiwe ya domo,
Muulize akisema, sikiza hata kikomo,
Kwani aliyeinama, ana wake msimamo.

Kabla ya kulala mjukuu alikuwa ameniuliza swali moja tu: "Ulimtafuta, Babu, ukamwomba radhi?" Nilimwambia kweli: nilimtafuta kwa kuchelewa, na anwani niliyokuwa nayo ilikuwa ya shule ambayo yeye alishaiacha. Pengine ndiyo sababu nimeyaandika haya hapa, mahali wanapopita watu wa lugha. Kama yumo miongoni mwa wasomaji, ajue kwamba methali ile ilikuwa ya uongo siku ile, na aliyeisema anajuta.

Asubuhi mjukuu alichukua baiskeli bila kunywa chai. Nilipomwuliza aendako, akasema anakwenda mtaa wa pili, kwa kipa. Alirudi adhuhuri. Walichozungumza hakuniambia, nami sikumwuliza. Hicho ni chao wawili. Nilichokiona ni kwamba jioni walipita pamoja barabarani, mmoja akiendesha, mwingine amepakiwa nyuma, na mpira kwapani.