Imezima, Imezimika, Inajizima

Televisheni ya zamani, ile yenye mgongo uliochomoza nyuma, watu waliipa jina ambalo halikusubiri kikao cha wataalamu: chogo. Neno lilikuwepo tangu kale kwa kisogo kilichotokeza, likahamia kwenye chombo bila kuomba ruhusa. Ilipokuja ile nyembamba ya kutundika ukutani, lugha ilipata kazi ngumu zaidi, kwa kuwa kitu kisicho na umbo la kuchekesha hakijipi jina. Wengine husema runinga bapa, wengine flati skrini, wengi tivii tu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994. Kisha mitambo ya analojia ilipozimwa Mwanza mwaka 2013, kila nyumba ikajifunza neno king'amuzi, ambalo kwangu ni miongoni mwa maneno bora kabisa ya kiufundi tuliyonayo. Limetoka kwenye kung'amua, yaani kukitambua kilichofichika. Nalitaja kwa sababu kazi ninayoifanya jioni hapa Pasiansi, Ilemela, ni hiyo hiyo.

Sina duka. Nina meza ya chakula iliyotandikwa blanketi, bisibisi za nyota, chuma cha kulehemu na kile kipimo cha umeme ambacho mafundi hukiita mita. Majirani huniletea runinga zao zikiwa zimefungwa kwenye mashuka kama majeruhi, na karibu wote hufika na kitenzi kimoja: imekufa. Kifo ni neno pana mno kwa fundi. Chombo kilichopigwa na radi kimekufa, na chombo ambacho mtoto amekichomoa waya nyuma ya kabati nacho, kwa maelezo ya mwenye nyumba, kimekufa. Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa la sarufi. Haiwaki, imezimika, au inajizima?

Simdai jirani awe mwanaisimu. Lakini nimeona kwamba akitulizwa na kupewa maji ya kunywa, mzungumzaji wa Kiswahili huchagua mnyambuliko sahihi bila kujua kwamba amenitajia ugonjwa. Anayesema haiwaki kabisa, hata ile taa ndogo nyekundu haionekani, ananituma kwenye njia ya umeme: soketi, waya, swichi, kisha fyuzi na saketi ya umeme iliyo ndani. Naanza na soketi kila mara, tena kwa taa ya mezani ninayoiamini, maana kufungua skrubu ishirini kwa ajili ya ukuta mbovu ni kazi ya kijinga.

Anayesema imezimika ananiambia kwamba kuna kitu kiliizima. Hapo nauliza habari za mvua. Ziwa letu lina tabia ya kuzaa dhoruba usiku, na radi haipiti kwenye waya wa umeme peke yake. Hushuka pia kwa waya wa antena au wa dishi, ikapiga king'amuzi, kisha ikaingia kwenye tundu linalokiunganisha na runinga. Ndiyo maana runinga ya namna hiyo huweza kuwaka vizuri na bado isipokee picha. Kuchomoa waya wa ukutani na kuacha wa dishi ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Na umeme uliokatika ukirudi kwa kishindo huua vilevile, hata bila wingu angani.

Lakini kauli ninayoipenda ni inajizima. Kiambishi -ji- kinasema yote: hakuna aliyeigusa, umeme upo, yenyewe imeamua. Runinga inayojizima mara nyingi inajilinda. Kuna sehemu ndani yake imedai umeme kupita kiasi, au imekatika, na saketi ya ulinzi imefunga kabla hakijaungua kingine. Mtoto wa jirani aliniambia taa ya runinga yao "inakonyeza", nami nikamwomba arudi nyumbani akahesabu inakonyeza mara ngapi kabla ya kupumzika. Katika baadhi ya aina, idadi hiyo ndiyo jina la hitilafu. Mtoto alirudi na jibu sahihi. Baba yake alikuwa ameshaamua kununua nyingine.

Maelezo bora kuliko yote niliyopata kuyasikia yalitoka kwa bibi mmoja wa Igombe, aliyeletwa na mjukuu wake wa pikipiki. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaketi. Kisha akasema: "Mjukuu wangu, wamo ndani wanaongea, ila wamezimiwa taa."

Hakuna kitabu cha ufundi ambacho kingeisema vizuri zaidi. Kioo cha runinga bapa hakitoi mwanga. Huo ni mlango tu, wenye vijidirisha vinavyofunguka na kufunga. Mwanga hutoka kwenye taa ndogo ndogo zilizopangwa kwenye kanda za alumini nyuma yake. Taa zikizimika, picha huendelea kuchorwa gizani. Nilifunga pazia, nikawasha tochi ya simu, nikaielekeza kwenye kioo kwa mshazari karibu kabisa. Wakaonekana: mtangazaji mwenye tai, hafifu kama mtu ng'ambo ya chandarua. Bibi akasema, "Si nilikwambia?"

Taa hizo huungwa kwa mfululizo, kama shanga kwenye uzi, na ikikatika moja zote za uzi ule huwa giza. Ni dhahiri kwamba ya kubadilisha ni ile moja, na mafundi wengi hufanya hivyo. Mimi hubadilisha kanda zote, kwa kuwa zilizobaki zimechomwa na joto lile lile na zitafuata baada ya miezi. Sababu kubwa ya vifo hivi ni kwamba runinga nyingi huachwa na mwanga wa dukani, uliopandishwa hadi juu ili zing'ae mbele ya mnunuzi. Ukiushusha hadi karibu nusu, jicho litazoea kwa siku mbili na taa zitaishi zaidi. Kuhusu kunyanyua kioo: ni kazi ya watu wawili, mikono minne, kingo zote kwa pamoja, bila kuvuta zile tepe nyembamba zinazokiunganisha na saketi. Nimemkatalia mtu aliyetaka kuifanya peke yake usiku.

Kuna yasiyotengenezeka mezani pangu, nami huyasema mlangoni. Kioo kilichopasuka hakina dawa. Bei ya kioo kipya huikaribia bei ya runinga nzima. Mistari ya wima isiyohama mara nyingi ni tepe zilizoachia kwenye ukingo wa kioo, na anayekwambia ataziponya kwa kubandika karatasi na kukaza anakuuzia wiki mbili.

Sasa nije kwenye neno linaloninyima usingizi. Saketi ya umeme ya runinga nyingi imechorwa mstari unaoigawa sehemu mbili. Upande mmoja pameandikwa hot, wa pili cold. Kijana anayejifunza kwangu alinisimulia yaliyompata kabla hajaja, alipofungua runinga ya shangazi yake kwa kufuata video. Alilisoma neno kwa usahihi, akalitafsiri kwa usahihi: moto. Kisha akafanya ambacho mwenye busara hufanya akionywa kwamba kitu ni cha moto. Akasogeza mgongo wa kidole ajaribu joto, kama mtu apimavyo pasi. Waya alikuwa ameshauchomoa ukutani. Kapasita kubwa ilikuwa bado imeshiba, ikamtupa hadi kwenye kabati la vyombo. Yu hai.

Neno lile halihusu joto hata kidogo. Linamaanisha upande unaogusana moja kwa moja na umeme wa ukutani, bila transfoma kuwatenganisha. Umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa hukaa kwenye kapasita ile ukiwa kama volti 325, na katika runinga kubwa husukumwa hadi karibu 400. Saketi ikiwa nzima, mzigo huo huisha wenyewe. Ikiwa mbovu, na mbovu ndiyo inayoletwa kwa fundi, unaweza kubaki. Mimi huumaliza kwa balbu ya zamani ya waya iliyoungwa nyaya mbili zenye mpini mzuri, kisha napima kwa mita hadi nione namba imeshuka karibu na sifuri. Wanaotumia bisibisi hupata cheche na mlio, na siku nyingine hupata saketi iliyoungua.

Mafundi wa kutandaza nyaya majumbani husema waya wa moto, na hakuna kati yao anayeugusa kupima joto. Kwa hiyo kosa haliko kwenye Kiswahili. Ni kwamba kijana alilijua neno la shule kabla ya neno la kazini. Na baridi ni hatari kuliko moto, kwa sababu inaahidi usalama: kwenye upande huo huo wa "baridi" nyaya za taa za nyuma huweza kupita volti mia.

Tuliketi yeye na mimi kutafuta majina. Alipendekeza upande wa hatari, nikakataa, maana pande zote mbili zina hatari yake. Nilipendekeza upande wa gridi, akacheka. Mwishowe tulikubaliana upande wa ukuta na upande wa kioo, tukayaandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye vipande vya utepe, na sasa kila saketi inayopita mezani hapa huondoka navyo. Wiki iliyopita fundi mmoja wa Kirumba aliifungua runinga niliyowahi kuitengeneza, akanipigia simu kuuliza ukuta gani.

"Ule uliochomeka waya," nikamwambia.