Utamu Una Jina

Mwanamke wa pwani anaponunua kanga hatazami rangi na pindo peke yake. Kabla ya kufungua mkoba huuliza: jina lake nini? Muuza duka huikunjua, akaisoma. Kanga ya rangi ya kupendeza yenye jina lisilofaa hurudishwa ilipotoka. Ya rangi ya kawaida yenye jina lililopata mahali pake huvaliwa mpaka ikachakaa, na aliyelengwa nalo akajua kuwa kalengwa. Sisi tuliolelewa katika desturi hiyo hatuoni ajabu kwamba kitu cha kuvaa kikawa na jina. Lakini kitu cha kula, tena kitu kinachokwisha kwa matonge matatu, kikipewa jina kama shairi, hilo lilikuwa geni kwangu hadi nilipofika Kyoto.

Kyoto ni mji uliokuwa makao ya wafalme wa Japani tangu mwaka 794 hadi mfalme alipohamia Tokyo mwaka 1869. Kwa karne hizo zote, mafundi wa vitu vitamu waliishi kwa kulisha makundi matatu: ikulu, mahekalu, na mabingwa wa chai. Sukari yenyewe ilikuwa ya kuagizwa; ililetwa na majahazi ya Wachina na merikebu za Waholanzi kupitia bandari ya Nagasaki, na ilikuwa ghali mno. Ndiyo maana mwaka 1775 chama cha mafundi wa vitamu vya daraja la juu mjini Kyoto kiliwekewa ukomo wa maduka 248. Palipo na uchache wa kitu, wahenga wetu wangesema, ndipo palipo na heshima yake.

Uchache wangu mimi ulikuwa wa namna nyingine. Nina kisukari, na daktari wangu si mtu wa mzaha. Nilipojaaliwa kufika mji ule siku 5 za mwisho wa Juni, mwaka 2018, nilijiwekea sharti: kitamu kimoja kwa siku, kidogo, na bila ya kurudia. Mwenye afya angeingia kila duka na kuonja kila sinia. Mimi ilinibidi kuchagua, na mwenye kuchagua hulazimika kuuliza. Kwa kuuliza ndipo nilipojua kuwa mafundi wa fani ile husema kitamu huliwa kwa hisi tano. Jicho hula rangi na umbo, pua harufu, mkono hula ulaini wake pale kijiti kinapokikata, na ulimi hula ladha. Na sikio? Sikio hula jina.

Katika chumba cha chai utaratibu ni kwamba kitamu hutangulia, chai ya unga wa kijani ikafuata, kwani chai ile ni chungu na hutaka kinywa kilichoandaliwa. Mgeni mkuu humuuliza mwenyeji jina la kitamu alichopewa. Si adabu tupu. Vitamu vya Kyoto, kinyume na vile vya Tokyo ya kale, havipendi kuiga sura ya kitu moja kwa moja, hudokeza tu. Niliwekewa mbele yangu tonge la kunde nyekundu zilizopondwa kwa sukari, limefunikwa vijinyuzi laini vya kijani kibichi kama tambi, na juu yake pametupwa chembe mbili tatu za manjano. Nikalitazama lisiniambie kitu. Mkalimani akauliza jina. Jibu likaja: Sawabe no hotaru, yaani vimulimuli wa kinamasini. Papo hapo kijani kile kikawa majani ya usiku wa Juni, na zile chembe zikawaka.

Msomaji mpenda ushairi atatambua kilichofanyika hapo. Fundi hakuleta kimulimuli. Alileta nusu, na nusu iliyobaki aliikabidhi kwa neno. Bila ya jina, tonge lile ni sukari na kunde. Bila ya tonge, jina lile ni maneno mawili matatu yaliyopita. Mwenye kula ndiye anayeviunga, na akishaviunga anavimeza.

Tena majina hayo yana asili ya ushairi hasa. Mengi yametoholewa katika mashairi ya kale ya mahadhi ya mizani 31, ambayo kila mtu wa ikulu alitakiwa kuyajua kwa moyo. Wajapani huhesabu mizani kama tunavyohesabu sisi, na maneno yao aghalabu huishia na irabu kama yetu, kwa hiyo majina ya vitamu vyao hukaa kinywani mwa Mswahili bila ya taabu. Hanaikada: mizani tano, maana yake chelezo cha maua, yaani petali za mcheri zilizoanguka zikaelea mtoni kwa kundi. Shitamoe: mizani nne, kuchipua chini kwa chini. Hicho ni kitamu cha Februari, cheupe juu kama theluji, na penye ufa wa theluji hiyo panachungulia kijani.

Lakini si kila kitamu cha mji ule kina jina la kishairi, wala sikuanza na cha chumba cha chai. Siku ya kwanza nilikwenda kwenye hekalu la Imamiya, kaskazini ya mji, ambalo asili yake ni dua za kuomba maradhi ya kuambukiza yaondoke, mwishoni mwa karne ya 10. Nje ya lango lake pana maduka mawili yanayotazamana, nayo yote yanauza kitu kimoja tu: aburimochi, vidonge vya mchele wa kunata, kila kimoja kiasi cha ncha ya kidole, vimepakwa unga wa soya uliokaangwa, vikachomekwa vijiti vya mwanzi kama mishikaki, vikachomwa kwa makaa, kisha vikamwagiwa mchuzi wa miso nyeupe, tamu na chumvi pamoja. Moja ya maduka hayo, Ichimonjiya Wasuke, hujihesabia mwanzo wake mwaka 1000. Jina lake maana yake ni mochi ya kuchoma, basi. Watu huila kwa kutaraji kinga ya maradhi, nami nikacheka peke yangu: mgonjwa wa sukari anakula sukari kwa nia ya kinga.

Siku ya pili nilikula yatsuhashi, kigae chembamba cha unga wa mchele na sukari kilichookwa, kimepinda mgongo, na harufu yake ni ya mdalasini. Mtu wa visiwa vya karafuu na mdalasini akikinusa hujihisi yuko nyumbani. Husimuliwa kuwa umbo lile ni la koto, kinanda cha kulaza chenye nyuzi 13, na kwamba kitamu kilipewa jina hilo kumkumbuka Yatsuhashi Kengyo, mpigaji kipofu aliyefariki mwaka 1685. Wengine hulinasibisha jina na daraja nane za hadithi ya kale, kwani yatsuhashi kwa maana yake ni daraja nane. Siku hizi wageni hupendelea zaidi ile mbichi, laini, iliyokunjwa pembetatu na kutiwa kunde ndani. Mimi nilichagua kavu kwa sababu ya mlio wake: inavunjika kwa sauti, na kitamu cha mwanamuziki kipofu kinastahili kusikika.

Siku ya tatu ndiyo ya vimulimuli. Siku ya nne nilikwenda karibu na hekalu la Nishi Honganji, kwenye duka la Kameya Mutsu, kutafuta kitamu kiitwacho Matsukaze, upepo wa misonobari. Masimulizi ya duka yanasema kitamu hicho kilitumika kama chakula cha akiba wakati wafuasi wa Honganji walipohimili vita na Oda Nobunaga, baina ya mwaka 1570 na 1580, na kwamba jina lilitolewa na kiongozi wao Kennyo baada ya vita. Ni mkate bapa wa ngano, sukari na miso nyeupe, mgumu kidogo, uso wake umenyunyiziwa mbegu ndogo za mpopi. Ukiugeuza, mgongo ni mtupu.

Hapo pana fumbo. Katika Kijapani neno ura ni mgongo wa kitu, na ura ni hori la bahari. Mahali ambapo upepo unavuma katika misonobari ya ufukweni, huko ura ni pakiwa. Na kitamu ambacho uso wake una mapambo na mgongo hauna, ura yake nayo ni kiwa. Jina moja linavuma pwani na kugeuza mkate kwa wakati mmoja. Wenzangu waliokulia katika mashairi ya paa wa nyikani, paa la nyumba na kupaa angani hawahitaji kufafanuliwa.

Jioni ile sikulala mapema. Mfasiri akikutana na fumbo la namna hiyo huwa na njia tatu: aliache katika lugha yake, alieleze kwa maneno mengi mpaka life, au atafute katika lugha yake mwenyewe mahali ambapo maneno mawili yamelala kitanda kimoja. Misonobari hatuna ufukweni. Tuna mivinje, na mivinje nayo hulia upepo ukivuma. Lakini kubadilisha mti si kufasiri fumbo. Saa ya usiku mwingi ndipo lilipokuja: ukiwa ufukweni. Ukiwa, yaani wakati upo huko. Ukiwa, yaani upweke. Mgongo wa mkate haumo humo, nakiri hilo, umebaki Kyoto. Lakini upepo umevuka, na umevuka kwa jahazi letu. Nadhani hiyo ndiyo kadiri ya haki anayoweza kudai mfasiri: si kubeba kila kitu, bali kutofika mikono mitupu.

Siku ya tano ilikuwa tarehe 30 Juni. Siku hiyo watu wa Kyoto hula Minazuki, na mahekalu hufanya ibada ya kujitakasa na nusu ya mwaka iliyopita. Ni pembetatu nyeupe ya unga na sukari iliyopikwa kwa mvuke, juu yake pametandazwa kunde nyekundu. Pembetatu ile ni kipande cha barafu. Zamani, mwanzo wa mwezi wa sita, ikulu ililetewa barafu iliyohifadhiwa mapangoni tangu baridi. Raia hakuweza kuipata, basi akajitengenezea barafu ya unga. Kunde nyekundu huaminiwa kufukuza shari. Na jina? Minazuki ni jina la kale la mwezi wa sita. Herufi zake ukizisoma zinasema mwezi usio na maji, ingawa ni mwezi wa mvua. Wataalamu wengi hueleza kuwa ile na ya katikati zamani ilikuwa na kazi ya a-unganifu kama yetu: mwezi wa maji. Silabi moja, ukiielewa hivi ni ukame, ukiielewa vile ni mafuriko. Maskini aliyekula barafu ya uongo aliila kwa jina la kweli.

Nimesema vitano, lakini kipo cha sita ambacho sikukila. Kompeito ni punje za sukari zenye vijipembe kama nyota. Jina limetoka katika Kireno, confeito. Padri Luis Frois alimtunukia Nobunaga chupa ya punje hizo mjini Kyoto mwaka 1569. Wareno hao hao walikuwa wamekwisha kufika Malindi na Mombasa tangu mwaka 1498, na lugha yetu ikabaki na meza, leso na gereza. Basi neno letu meza na neno lao kompeito ni abiria wa safari moja walioshuka bandari tofauti. Kuzitengeneza huchukua wiki mbili na zaidi: punje huviringishwa katika sufuria kubwa la moto lililoinamishwa, zikitiwa shira kidogo kidogo, na fundi hujua hali yake kwa kusikiliza sauti yake ikiporomoka. Nilinunua mfuko mmoja, nikaugawa kwa wajukuu. Mimi nilitikisa tu nikasikiliza.

Tangu niliporudi nimekuwa nikikusanya majina. Shitamoe bado linanishinda. Kuna waliolinishauria niondoe theluji niweke vumbi la kaskazi, na majani yanayochungulia baada ya matone ya mwanzo ya masika, ili msomaji wa Unguja aone. Nimekataa. Theluji naitaka ibaki theluji, kwani msomaji wetu ana haki ya kupokea kitu ambacho hakukiona, kama nilivyopokea mimi vimulimuli. Ninachotafuta ni kitenzi cha kile kijani kinachojitokeza bila ya kuomba ruhusa, na kitenzi hicho sijakipata.

Ukijaaliwa kufika Kyoto, usijitaabishe kutafuta vitamu vyote. Vingine vina mwezi wao, na mwezi ukipita haviulizwi. Kula kile cha mwezi uliokukuta. Na kabla ya kukigusa, uliza jina lake nini, kama unavyouliza kanga.