Chembe Moja ya Vumbi

Nataka kuwasimulia jambo dogo lililotokea nyumbani kwangu, Bukavu, wakati wa kiangazi, siku zile ambazo vumbi la barabara huingia hata ndani ya kabati.

Mwaka uliopita simu yetu ilianguka juu ya saruji, kioo chake kikapasuka. Tukasema: «Bado inalia, yatosha.» Kumbe haikutosha. Binti yetu mkubwa, anayesoma Lubumbashi, alishikwa na homa kali. Alipotupigia, simu ililia, nikaliona jina lake, nikagusa kioo mara kumi, hakikusikia kidole. Nambari yake hatukuwa tumeiandika mahali pengine. Siku tatu zilipita, mpaka jirani mmoja akatuletea habari kwamba mtoto wetu amelazwa hospitalini. Alipona, lakini siku zile tatu mama yake hajazisahau, wala mimi.

Basi, tulipokwisha kununua simu nyingine kwa akiba ya miezi 7, nilikwenda soko la Kadutu kutafuta kioo cha kinga. Ni kioo chembamba sana, unene wake karibu theluthi moja ya milimeta, nacho kimetiwa nguvu kiwandani; upande wake mmoja una gundi isiyoonekana. Simu ikianguka, mara nyingi hupasuka hicho, na kioo chenyewe cha simu kikasalimika. Kijana aliyeniuzia alitaka kukibandika palepale. Nikakataa. Mwalimu wa miaka 20 ashindwe na kazi kama hiyo?

Nyumbani nilifuta simu kwa pindo la shati, nikabandika kwa haraka. Lo! Chembe moja ya vumbi ilibaki katikati, ikazungukwa na povu la hewa kubwa kama punje ya mtama. Nilisukuma kwa kidole, nikasukuma kwa ukucha. Povu lilihama, kisha likarudi. Watoto walipoingia, niliwagombeza kwamba michezo yao ndiyo iliyotimua vumbi. Kwa hasira nikakibandua kile kioo, kikavunjika.

Mwanangu wa miaka 14 akasema kwa sauti ndogo: «Baba, ndiyo kwanza tunarudi kuchota maji.»

Nilinyamaza. Hata radhi sikuomba.

Kesho yake nilileta kioo kingine, nikamwita: «Mwanangu, wewe umewatazama vijana wa sokoni. Nionyeshe.»

Alifunga dirisha, akanyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie, akanawa mikono. Akafuta simu kwa kitambaa chenye alkoholi kidogo, kisha kwa kitambaa kikavu. Akaiinamisha mbele ya taa, na kila alipoona chembe akaigusa kwa kipande cha utepe wa gundi, ikanaswa. Halafu akakiweka kioo kabla ya kukibandua karatasi yake, apime vizuri mahali pa sikio na pa kamera. Mwishoni akaondoa karatasi, akakishika kwa kingo tu, akakishusha polepole, akabonyeza katikati mara moja. Gundi ikaenea yenyewe mpaka pembeni, kama maji yanavyoenea katika nguo. Kusafisha kulichukua dakika kumi. Kubandika, hata dakika haikutimia.

Nikamwuliza kwa nini alitumia muda mwingi kabla ya kubandika. Akajibu: «Baba, kioo hakiondoi vumbi. Kinalifungia ndani tu.»

Neno hilo lilinichoma. Nami tangu jana nilikuwa nikitaka kuifunika lawama yangu kwa kioo kipya! Jioni, mbele ya mama yao, niliwaambia watoto kwamba niliwalaumu bure, nikawaomba radhi. Walicheka kwa haya, tukala ugali wetu kwa amani.

Jumapili binti yetu alipiga simu. Mama yake aliwahi kuichukua, akagusa kioo mara moja tu, na sauti ya mtoto ikaingia nyumbani.