Saa Mbili ya Nani?

Huenda msomaji akauliza, mwanafunzi wa Kiswahili anatafuta nini katika kabati la dawa? Nami nilijiuliza swali hilo hilo alfajiri moja ya Aprili 2023, nikiwa nimeketi kwenye benchi la hospitali, kamba za viatu hazijafungwa, nikisubiri kuambiwa iwapo nyanya yangu angezinduka.

Wakati huo Nyanya alikuwa ameishi katika makao ya wazee kwa mwaka mmoja na nusu. Makao yenyewe sitayataja jina. Yatosha kusema kwamba yako magharibi mwa jiji, ukishapita Kangemi, na kwamba kila Jumapili nilikuwa nikitoka bwenini, nikateremka hadi Odeon na kupanda matatu nambari 23. Safari hiyo nilikuwa nikiifanya kwa aibu kidogo. Kwetu, mzee akipelekwa makaoni, majirani husema ametupwa. Lakini Mama aliondoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda Marikiti kununua mboga za kuuza, na Nyanya, ambaye ana kisukari na shinikizo la damu, alikuwa ameanza kusahau. Siku nyingine alimeza vidonge mara mbili. Siku nyingine alivificha chini ya mto akasema amekwisha kuvimeza. Majirani waliosema tumemtupa hakuna hata mmoja aliyejitolea kumhesabia vidonge.

Makaoni dawa ziliandikwa katika daftari kubwa la jalada jeusi, lililopigwa mistari kwa rula. Majina yalishuka upande wa kushoto, siku zikapangwa juu, na kila kidonge kilichotolewa kikapata alama. Vidonge vyenyewe vilikaa katika bahasha ndogo za kaki, zile ambazo kila Mkenya anazijua, zilizoandikwa 1x3 au 2x2 kwa kalamu iliyofifia. Daftari lile lilikuwa na maradhi yake. Nilimwona kwa macho yangu mhudumu mmoja akitia alama za jioni nzima kabla ya kugusa bahasha hata moja, ili asichelewe matatu. Aidha, palipokuwa na kubadilishana zamu, ilitokea mzee akapewa dawa na anayeondoka, kisha akapewa tena na anayeingia.

Kwa hiyo mfumo wa kielektroniki ulipoletwa mwezi Machi mwaka huo, nilifurahi kwa dhati. Kila mhudumu wa zamu alikabidhiwa kishikwambi. Ukikigusa, inatokea picha ya mzee, jina lake, dawa zake na saa zake. Dawa isiyotolewa ina rangi nyekundu. Ikitolewa hugeuka kijani, na mtu wa pili hawezi kuitoa tena. Dawa mbili zisizopatana zikiandikiwa mtu mmoja, mfumo unaonya. Vidonge vikikaribia kwisha, unatoa taarifa siku kadhaa mapema. Mambo haya si madogo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kimataifa ya kupunguza madhara yatokanayo na makosa ya dawa, na wazee, ambao aghalabu humeza dawa za aina nyingi kwa wakati mmoja, wako mstari wa mbele katika hatari hiyo.

Siku ya kuhamisha habari kutoka daftarini, kazi alipewa kijana mmoja wa kujitolea, mwepesi wa vidole na mwenye adabu. Alifika kwenye karatasi ya Nyanya, iliyoandikwa kwa mkono wa Mama: “Glibenclamide, kidonge 1, saa 2.” Kijana aliyezaliwa na kusoma Nairobi, ambaye maisha yake yote hutaja saa kwa Kiingereza, akaandika 02:00. Mfumo haukuuliza neno.

Mama alimaanisha saa mbili asubuhi, wakati wa uji. Kwa saa ya tarakilishi hiyo ni 08:00. Hiyo 02:00 ni saa nane usiku.

Usiku huo kengele ya kishikwambi ililia saa nane kamili. Mhudumu wa zamu, mtu mtiifu, alimwamsha Nyanya, akampa kidonge na maji, akagusa kioo, rangi ikageuka kijani. Glibenclamide huuchochea mwili kutoa insulini, chakula kiwepo kisiwepo, na ndiyo maana humezwa pamoja na kiamshakinywa. Kufikia saa kumi na moja Nyanya alikuwa ameloa jasho, anatetemeka, anamwita mhudumu kwa jina la marehemu babu. Aliyemwokoa ni mpishi. Aliingia kuwasha jiko, akasikia kelele, akamwona, akakimbilia sukari na kumnywesha maji matamu kabla hajapoteza fahamu kabisa. Hospitalini walimtundikia dripu ya glukosi na kumlaza hadi kesho yake, kwa sababu dawa hiyo huweza kufanya kazi kwa takriban siku nzima, na sukari iliyopandishwa asubuhi huweza kushuka tena jioni.

Alizinduka akauliza nani amelipa matatu.

Kwa majuma kadhaa nilitafuta wa kumlaumu. Mama alikuwa ameandika Kiswahili sanifu. Karatasi ile ile ilikuwa imesomwa daftarini kwa mwaka mmoja na nusu bila kosa, kwa kuwa kila aliyeisoma alikuwa anajua uji hunywewa saa ngapi. Kijana alisoma tarakimu kama alivyofunzwa. Na mashine ilitii. Ndipo nilipoanza kuona kwamba kosa hili lilikuwa la lugha, na kwamba lilikuwa katika uwanja wangu. Tunafundishwa katika sarufi maumbo na nomino. Ni nani ametufundisha kwamba tofauti ya saa sita kati ya saa yetu na saa ya Kizungu yaweza kumlaza mtu hospitalini?

Nilisoma na kugundua kwamba hatuko peke yetu. Huko Marekani imewahi kuonywa juu ya neno la Kiingereza “once”, yaani mara moja, ambalo msomaji wa Kihispania huliona kuwa kumi na moja. Mwaka 2004 tume inayoidhinisha hospitali za nchi hiyo ilipiga marufuku vifupisho kadhaa vya maagizo ya dawa kwa sababu vilikuwa vikisomwa vibaya. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wakachapisha utafiti kuhusu mfumo wa hospitali moja, wakaonyesha aina 22 za hatari ya makosa ambazo mfumo wenyewe uliziwezesha. Tarakilishi huondoa kosa la zamani na kuleta lake.

Hata hivyo mfano ulionifaa zaidi ulitoka papa hapa. Kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 538 wa UKIMWI waliandikishwa katika utafiti uitwao WelTel kwenye zahanati tatu: Pumwani, kituo cha Coptic kilichoko Ngong Road, na Kajiado. Takriban nusu yao walitumiwa arafa kila juma yenye neno moja: “Mambo?” Walitakiwa kujibu “Sawa” au “Shida” ndani ya saa 48. Aliyejibu “Shida”, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010: waliopata arafa waliozingatia dawa walikuwa asilimia 62, ilhali wasioipata walikuwa asilimia 50. Mimi hushangazwa zaidi na neno lenyewe. Halikutaja ugonjwa wala kidonge, kwa hiyo jirani akichungulia simu hajui kitu. Aliyelichagua alijua Kiswahili kama kinavyosemwa mtaani.

Nilimwendea Sista msimamizi nikamwomba ruhusa ya kuandika upya maneno ya kishikwambi. Alinitazama kana kwamba nimeomba kumpasua mgonjwa, kisha akakubali. Tuliondoa saa za tarakimu tupu. Sasa kioo kinasema “Asubuhi, pamoja na uji (08:00)”, na picha ya jua pembeni. Kwenye neno “kutwa” tulibishana siku mbili. Katika maduka ya dawa “kutwa mara tatu” ni kauli ya kawaida, lakini kutwa ni mchana, mpaka jua lizame. Usiku ni kucha. Mhudumu mmoja, mzawa wa Lamu, alikuwa akizipanga dozi zote tatu kati ya macheo na machweo hata kwa dawa inayotakiwa kila baada ya saa nane. Kwa sarufi alikuwa sahihi kuliko sisi sote. Tuliandika “kila baada ya saa nane, usiku pia”.

Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea nchi nzima, mtandao wa makao nao ukafa na programu ikakataa kufunguka. Tangu hapo orodha ya dawa huchapishwa kila jioni na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati. Daftari jeusi halijatupwa.

Jambo la mwisho lilitoka kwa Nyanya. Jumapili moja alikataa kidonge. “Hiki si changu,” alisema, “changu ni cheupe.” Mhudumu alikuwa amekwisha kugusa kioo, rangi ilikuwa kijani. Tulipochunguza tukakuta ni dawa ile ile ya kampuni nyingine. Nyanya alikuwa amekosea, lakini nilitambua kwamba angekuwa na haki, kishikwambi hakikuwa na mahali pa kuandika kwamba mzee ana shaka. Niliomba kiongezwe kitufe, na nikapewa nafasi ya kukipa jina. Nilikiita “Shida”. Kikiguswa, dawa hainyweki mpaka Sista aje.

Nyanya amefundishwa kukitumia. Kufikia leo amekigusa mara mbili: mara moja kwa sababu ya kidonge kilichokatika, na mara moja kwa sababu uji ulikuwa umepoa. Mara zote mbili Sista alikuja.